Mgomba Tuliouzika

Kaka yangu alipotea mwaka wa tisini na tatu, na kwa miaka mitatu nyumbani kwetu mtaa wa Jericho, Nairobi, hatukujua tumtaje vipi katika sala. Mchungaji alimuuliza Mama kama tunaomba arudi au tunaomba faraja. Mama akamjibu kwamba aombe tu, Mungu mwenyewe ataelewa.

Tulikuwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili ya baraza la jiji. Baba alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha mablanketi Industrial Area, na pia mzee wa kanisa. Mama aliuza dagaa wa omena na samaki wa kukaanga katika soko la Jericho. Kwao wote wawili ni magharibi ya Kenya, na huko ndiko tulikokuwa na boma, ijapokuwa tulilala huko wiki mbili tu kwa mwaka. Kaka alinitangulia kwa miaka minne. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani mwaka mzima akicheza kandanda na kungoja kazi. Baba hakuwa mtu wa kelele. Asubuhi moja tukinywa chai alimwambia, kwa sauti ileile ya kuombea sukari, kwamba atoke akajitafutie, na asirudi kukanyaga pale mpaka awe na kitu cha kuonyesha.

Kaka akahamia Mukuru kwa Njenga. Alikodi chumba cha mabati pamoja na kijana mwenzake, na kila asubuhi walisimama kwenye malango ya viwanda wakingoja kuchaguliwa kwa kibarua. Jumapili alasiri, Baba akiwa kwenye kikao cha wazee, alikuwa akitupitia sokoni. Mara ya mwisho alivaa shati la kijani la mikono mirefu. Alinisalimu, "Niaje, siste," akala samaki akiwa amesimama, akaniambia kuna mpango mkubwa unakuja. Sikumuuliza mpango gani. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mipango ya kaka yangu ilikuwa haiishi.

Wiki hiyohiyo safu ya vyumba alimokuwa akiishi ilishika moto mchana. Wengi walikuwa kazini, lakini waliotoka zamu ya usiku walikuwa wamelala. Miili mitatu ilitolewa, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Tulikwenda mochari, mimi nikaachwa nje, kando ya ukuta. Mama alitoka kwanza.

"Hayumo," aliniambia.

Baba alitoka baadaye sana. Nilikuja kujua kwamba mle ndani alikuwa amemwonyesha Mama mmoja kati ya wale watatu, kwa kukisia urefu, na Mama akakataa. Alisema mtoto aliyemzaa anamjua kwa vidole vya miguu, na yule hakuwa na vidole vya kutazamwa, kwa hiyo hakuwa wake. Watu wengine nao wakakataa. Mwishowe miili ikazikwa na jiji katika makaburi ya umma, na sisi hatukwenda. Kijana aliyekuwa akiishi na Kaka naye hakuonekana tena.

Nilidhani watu wa nyumba moja, wanaokwenda kanisa moja, huamini kifo kimoja. Mchungaji wetu alifundisha kwamba waliokufa wamelala, hawajui lolote, mpaka siku ya parapanda. Mama aliitikia amina, lakini yeye aliamini kwamba huko kuna mlango, na waliotangulia huketi karibu nao wakitazama nani anaingia. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Kaka, na aliwazungumzia kama watu waliopelekwa kusoma shule ya bweni.

Imani ya Baba niliijua Jumamosi moja alipokuwa akitengeneza jiko la mafuta ya taa uani. Nilikuwa nimemshikia tambi. Aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mtu asiyezikwa kwao hajui kama amekufa. Anazunguka akitafuta nyumbani. Anaona watu wake, anawaita, hawageuki. Akichoka na upweke humchukua mmoja wao amsindikize. Kisha akaniomba kibiriti, akawasha jiko kuona kama moto unapanda sawasawa.

Tangu siku hiyo nilianza kuona alichokuwa akikiona. Mwaka ule binamu yetu wa kike alifariki wakati wa kujifungua, huko kwetu magharibi, naye alikuwa na afya nzuri. Miezi michache baadaye mashine ya kiwandani ilimkata Baba vidole viwili vya mkono wa kulia. Alirudi na bandeji, akakaa kitini mwake, akasema, "Amenigusa." Mama alimwambia aache maneno ya kishenzi, yeye mzee wa kanisa. Baba hakubishana. Ila alianza kuniuliza kila nikitoka ninakwenda wapi, na nikichelewa nilimkuta amesimama kwenye ua wa miti ya kayaba akitazama njia niliyopitia, sio mimi bali nyuma yangu.

Mama yeye alikuwa akitafuta. Alikata uso wa Kaka kutoka kwenye picha ya darasa, akaufunga katika karatasi ya nailoni, akauonyesha watu wa Mukuru, madereva wa malori, wanawake wa masoko mengine. Kila siku mchana alisikiliza matangazo ya vifo redioni akiwa ameinama, na yakiisha bila jina letu alinyanyuka na kuendelea na kazi kama mtu aliyepewa habari njema. Baadaye akaanza kufuata vijana. Akiona mgongo wa kijana mrefu barabarani, mwendo wake ukifanana kidogo na wa Kaka, aliacha samaki motoni na kumfuata. Wengine aliwafuata kutoka Jogoo Road mpaka Mowlem. Akiwafikia na kuwaona usoni aliwaomba radhi, akarudi. Alikonda. Wateja wakaanza kununua kwingine, kwa sababu hawakujua watamkuta au la.

Siku moja alirudi akiwa ameshika mkono wake wa kushoto. Kijana aliyemfuata alidhani anataka kumwibia, akamsukuma, akaanguka kwenye mtaro. Ilitokea mbele ya watu waliotufahamu, na baadhi walicheka. Nilimfunga mkono kwa leso. Alikuwa akiniambia jinsi kisogo cha yule kijana kilivyokuwa, jinsi ambavyo mtu yeyote angekosea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, nimemaliza shule, nikikaa naye sokoni kutwa. Nilimwonea huruma, na nilimwonea aibu, na hata leo siwezi kusema ni kipi kilikuwa kikubwa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tukiparua samaki kwenye beseni nje ya mlango wa jikoni. Sikuwa nimepanga chochote. Nilijisikia tu nikisema kwamba nimemwota Kaka.

Kisu cha Mama kilisimama.

Nikaendelea. Nilisema alikuwa amesimama palepale kwenye waya wa nguo, nguo zake zimelowa, hana viatu. Nilisema hakuingia ndani. Aliniambia nimwambie Mama aache kumtafuta njiani, kwamba yuko mbali na watu wetu, na kwamba tumzike. Maneno yalikuja moja baada ya jingine kwa urahisi ulionitisha, kama kwamba yalikuwa yameandaliwa.

Mama aliuliza kitu kimoja. "Vidole vya miguu uliviona?"

"Niliviona," nilisema. "Vilikuwa na tope."

Aliweka kisu chini, akaosha mikono, akaingia ndani. Nilimsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu moto ule. Nilibaki na beseni. Nilijiambia kwamba nimefanya vizuri, kwamba kweli ile ya mochari sote tuliijua na kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuisema. Niliamini kabisa kwamba kaka yangu alikuwa amekufa. Hilo nalitaja kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kulitaja kujitetea.

Baba alipoambiwa jioni, aliniuliza kwa nini Kaka alikuja kwangu na si kwake. Akasema labda ni kwa sababu yeye ndiye aliyemfukuza. Wiki hiyo akaomba ruhusa kazini.

Kwetu, mtu akifa na mwili usipatikane, huzikwa gogo la mgomba mahali pake. Mgomba una maji na una mwili laini kama wa mtu, na ukiuvisha nguo zake na kumwita jina kaburini, yeye popote alipo husikia na kuja kulala. Ndivyo wanavyosema. Makanisa hayapendi, na mchungaji wetu wa Nairobi hakuambiwa. Tulisafiri mwanzoni mwa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, ndugu wengi wakiwa nyumbani.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, ndiye aliyekuwa na sauti katika boma letu. Alikuwa mwalimu aliyestaafu, mtu wa miwani na wa maneno machache. Aliwakalisha wote mbele ya nyumba, akasema kabla hajaruhusu jembe kuingia ardhini anataka kujua ni nani aliyemwona kijana huyu akiwa amekufa. Baba alieleza habari za moto. Baba mkubwa akasema moto sio mtu, haujibu ukiulizwa. Mama akaeleza ndoto. Hapo ndipo aliponiita mbele.

Alivua miwani. "Wewe ndiye uliyemwona?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Alikwambia kwa mdomo wake kwamba azikwe?"

"Ndiyo."

Alisema, akiwaelekea watu wote lakini macho yakiwa kwangu, kwamba jambo hili halina kurudi nyuma. Mgomba ukizikwa na mwenye jina yuko hai, aliyezikwa ni yeye. Ataanza kupungua huko aliko, na mwezi hautaisha akiwa hai. Akaniuliza mara ya tatu kama nina hakika. Nakumbuka Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, akinitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari. Nikasema nina hakika.

Waliukata mgomba nyuma ya jiko, wenye urefu wa mtu. Waliuvisha suruali yake ya shule na shati jeupe ambalo Mama alikuwa amelitunza. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto wa boma karibu na lango, kwa kuwa hakuwa ameoa. Mama alitaka kuubeba upande wa kichwani, wakamruhusu. Maji ya mgomba yalikuwa yakimchuruzika mikononi, yakaacha madoa meusi kwenye gauni lake, na madoa ya mgomba hayatoki kwa sabuni yoyote. Baba mkubwa alisimama mbele ya shimo akamwita Kaka jina lake lote, mara nne, akamwambia njoo ulale kwenu. Jina lilitoka kwa nguvu, likapita juu ya mahindi. Hakukuwa na kitu cha ajabu. Ng'ombe aliinua kichwa, akarudi kula. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na baridi.

Tuliporudi Nairobi nyumba ilitulia. Mama alikula. Aliacha kusikiliza matangazo ya vifo, akarudi sokoni, wateja wakarudi. Baba hakusimama tena kwenye ua. Nilipoona hivyo nilijipongeza, hata nikaanza kusahau kwamba sikuota kitu.

Lakini watu hawakusahau. Habari zilizunguka kwamba binti wa mama samaki huzungumza na waliokufa. Kwanza walikuja majirani, wakiniuliza kwa mzaha. Kisha akaja mwanamke kutoka Mowlem, mtu wa Ukambani, ambaye mumewe alikuwa mchonga vinyago. Mume huyo alikuwa amekwenda Mombasa kuuza kazi yake na hakurudi, mwaka wa pili sasa. Mwanamke alinikuta peke yangu sokoni mchana. Alitoa kinyago kidogo cha twiga kilichokuwa hakijamalizwa, miguu miwili tu imechongwa, akanisihi nikiweke chini ya mto nione kama mume wake atakuja. Nilimwambia sina uwezo huo. Akasema hata yule ndugu yangu hakuniuliza kama nina uwezo. Alikiacha kile kinyago juu ya meza ya samaki na kuondoka. Wiki mbili baadaye alirudi. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuona kitu. Uso wake ukang'aa. Akasema kama sikumwona, basi yu hai. Alinishika mikono yote miwili akinishukuru, na mimi nikajisikia kama mtu anayezama.

Mwezi wa Novemba, siku ya Jumapili baada ya ibada, kijana mmoja alibisha mlango. Alikuwa mwembamba, ngozi imeungua kwa jua, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Sikumtambua. Alijitambulisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiishi na Kaka katika kile chumba cha Mukuru.

Mama alishika fremu ya mlango. Baba akamwambia kijana aingie, aketi. Aliketi ukingoni mwa kiti na kutueleza, akitazama mikono yake. Siku ya moto hawakuwa Mukuru. Walikuwa wameondoka alfajiri na lori, kwenda upande wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, kwenye machimbo ya dhahabu. Huo ndio uliokuwa mpango. Habari za moto walizipata baada ya mwaka mmoja, kutoka kwa Mkenya mwingine aliyefika machimboni, na kijana huyu akamshauri Kaka atume neno nyumbani. Kaka alikataa. Alisema buda, yaani baba yake, alimwambia arudi na kitu, na bado hakuwa na kitu. Alisema wacha wamlie kidogo, siku akirudi watafurahi maradufu. Walicheka, kijana alisema. Walikuwa wakiona kama ni kichekesho.

"Yuko wapi?" Mama aliuliza.

Kijana alifungua mfuko akatoa shati la kijani, limefifia, limekunjwa vizuri, akaliweka juu ya meza. Alisema Kaka aliugua homa, wakampeleka hospitali ya wilaya, akafariki Jumapili ya mwisho ya Agosti. Walimzika palepale. Yeye alihitaji muda kupata nauli ya kuja kutuambia.

Nilimwona Mama akihesabu wiki kwa vidole, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Alifika wa tatu, akasimama.

"Alianza kuugua lini?" aliuliza.

Kijana alifikiri. Alisema pengine ni Julai, pengine mwanzo wa Agosti, hakushika siku. Kulikuwa na kikohozi kabla, lakini machimboni kila mtu hukohoa. Anachokumbuka ni kwamba kuna siku aliamka hawezi kusimama, na kuanzia hapo akawa anapungua.

Alitumia neno hilohilo.

Baba aliuliza swali moja tu, kama Kaka aliwahi kumtaja. Kijana alisema, "Alikutaja mara nyingi, mzee," na hakusema alimtaja vipi. Mama aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kumkaangia mgeni samaki. Tulisikia mafuta yakilia. Hakuna aliyelia. Tulikuwa tumeshamlilia, na machozi ya mara ya pili hatukujua yanaanzia wapi.

Baba alisafiri na yule kijana mpaka kwenye lile kaburi, akarudi na udongo wake katika mfuko wa unga, kilo mbili hivi. Baba mkubwa aliamuru mgomba ufukuliwe kwanza, kwa kuwa kaburi haliwezi kuwa na watu wawili. Mimi nilikuwapo. Walichimba mpaka wakafika chini na hawakukuta mgomba. Ulikuwa umeoza, umekuwa maji meusi, na juu yake suruali na shati vimelala vilivyonyooka, kama vya mtu aliyetoka ndani yake bila kufungua vifungo. Wanaume waliokuwa shimoni walipanda juu haraka. Nguo zilichomwa. Udongo wa Tanzania ukamwagwa mle, shimo likafunikwa. Safari hii Baba mkubwa hakumwita mtu. Alinitazama, akavaa miwani, akaingia nyumbani kwake. Tangu siku hiyo hakuwahi kunisalimia kwa mkono.

Baba hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Yeye aliitafuta maana ya ile ndoto, na maana aliyoipata ilikuwa mbaya kuliko uongo wangu. Aliniita uani jioni moja akaniambia kwamba Kaka alikuwa hai nilipomwota, kwa hiyo aliyesimama kwenye waya wa nguo hakuwa Kaka. Ni kitu kilichovaa sura yake. Kilitaka roho ya mtoto wetu, na kilihitaji mtu wa nyumbani akisemee. Kikanichagua mimi.

"Kilichokujia mara moja kinajua njia," alisema.

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa ameyashikilia maelezo hayo, mkono wake wa vidole vitatu ukiwa juu ya goti, nikaona kwamba nikimwondolea kile kitu atabaki na maneno yake mwenyewe ya asubuhi ya chai. Nikanyamaza. Alijiuzulu uzee wa kanisa. Alinipeleka kwa mchungaji, wakanipigisha magoti mbele ya watu, mikono mingi ikawekwa kichwani mwangu, ikisukuma, ikikemea kitoke. Nilifumba macho nikingoja kitu kitoke, na kwa dakika nzima niliogopa kweli kwamba kitatoka. Kwa sababu nilikuwa nimejiuliza swali nisiloweza kulijibu hata leo. Maneno yale kwenye beseni la samaki, sikuyatafuta. Tope la vidoleni, sikulifikiria kabla ya kulisema. Niliyatunga, ndiyo. Lakini yalitoka wapi?

Mama nilimwambia. Ilikuwa mwaka uliofuata, mchana wa mvua, soko limekwama, tumejibanza chini ya turubai wawili tu. Nilimwambia kwamba sikuota. Nilimwambia yote, mpaka kile kicheko cha watu kwenye mtaro na aibu yangu. Alisikiliza huku akifukuza nzi juu ya samaki. Nilipomaliza aliendelea kufukuza nzi, nikadhani hakunisikia kwa mvua.

"Usimwambie baba yako," alisema.

"Sitamwambia."

"Na huko kwa kaka yako usiende kujieleza mwenyewe. Mimi nitatangulia. Nikifika nitamwambia mimi."

Sikuthubutu kumuuliza atamwambia nini. Alifunika samaki kwa gazeti na kuanza kuzungumza na mteja aliyekimbia kutoka mvuani, na habari ile hakuitaja tena. Alifariki mwaka wa tisini na tisa, kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani Jericho, mchana, mimi nikiwa nimemshika mguu. Dakika za mwisho alitazama mlangoni, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka na akaanza kusogeza midomo haraka haraka, kama mtu anayejitahidi kueleza jambo refu kabla hajakatizwa. Niliinamisha sikio. Sikuweza kushika hata neno.

Nimeishi na watu wa dini nyingi tangu wakati huo. Nimesikia wanaosema kwamba huko ni usingizi, wengine ni moto, wengine ni bustani, na rafiki yangu mmoja muuguzi husema hakuna kitu, taa imezimwa basi. Usiku wa ibada za mazishi huwa natamani yeye ndiye awe sawa. Lakini mimi naamini alichoamini Mama, kwamba kuna mlango, na kwamba waliotangulia huketi karibu nao wakitazama nani anaingia. Naamini wako pale wawili, Mama na Kaka, na kwamba habari yangu imeshazungumzwa na kumalizwa, na uamuzi walioufikia siujui. Katika miaka yote hii sijamwota kaka yangu hata mara moja, wala Mama. Wanangu wanapoamka asubuhi na kutaka kunisimulia ndoto zao, huwaambia wale kwanza, wanywe chai, na wakishamaliza kula mara nyingi wanakuwa wamesahau.